Upara wa utosini: jeni au dawa ya nywele?

Mwaka 1968 madaktari wa Marekani waliandika kuhusu wanawake weusi waliokuwa wakipoteza nywele utosini, wakautaja ugonjwa huo kwa jina la kitana cha moto, kile cha chuma kinachopashwa moto kunyoosha nywele. Tangu hapo mgonjwa akifika kwa daktari swali la kwanza huwa: unaweka nini kichwani? Vitana vya moto vilipopungua, lawama ikahamia kwenye dawa za kulainisha nywele. Jina nalo lilibadilishwa, na leo madaktari huuita ugonjwa huu CCCA, kifupi cha Kiingereza cha upara wa makovu unaoanzia utosini na kusambaa, lakini mgonjwa bado hutoka kliniki akiamini amejiharibu mwenyewe.

Ndiyo maana kazi ya Profesa Ncoza Dlova wa Chuo Kikuu cha KwaZulu-Natal, Durban, Afrika Kusini, ina uzito mkubwa. Kwanza alionyesha kwamba ugonjwa huu hutembea ndani ya familia, mama na binti. Kisha mwaka 2019, yeye na wenzake wa Tel Aviv wakiongozwa na Eli Sprecher walichapisha katika jarida la tiba la New England Journal of Medicine matokeo ya uchunguzi wa vinasaba. Kati ya wagonjwa 58, 14 walikuwa na kasoro katika jeni iitwayo PADI3. Jeni hiyo hutengeneza kimeng'enya kinachozisaidia protini za unywele kushikamana na kupata umbo lake. Kikiwa na hitilafu, unywele huanza safari yake na udhaifu tangu kwenye shina, kabla kitana wala dawa havijaugusa.

Wanaotetea upande wa jeni wana hoja nzito. Mamilioni ya wanawake wameweka dawa miaka na miaka bila kupata upara huu, na wapo waliougua bila kuwahi kuweka dawa. Kumwambia mgonjwa wa namna hiyo kwamba ni makosa yake ni kumwonea.

Hata hivyo, 14 kati ya 58 ni kama robo tu. Wagonjwa 44 hawakuwa na kasoro hiyo, na kundi lenyewe lilikuwa dogo. Wala kuirithi kasoro si sawa na kuhukumiwa upara: inawezekana kabisa kwamba shina dhaifu likiongezewa moto, dawa na mvuto wa misuko ndipo linaposhindwa. Nina wasiwasi na jinsi habari hii inavyosimuliwa mitaani, kwamba "wamegundua ni ya kurithi", kana kwamba sasa kila kitu cha saluni kimesafishwa. Hakijasafishwa. Huko huko Afrika Kusini, Profesa Nonhlanhla Khumalo wa Cape Town na wenzake wamepima dawa za kulainisha nywele, zikiwemo zinazotangazwa kwa ajili ya watoto, wakakuta ukali wake unafikia kiwango cha kuunguza ngozi. Na ule upara wa pembeni, wa kwenye paji na juu ya masikio, chanzo chake kinajulikana: nywele kuvutwa. Khumalo aliukuta kwa karibu theluthi moja ya wanawake aliowachunguza, na hatari ilizidi pale rasta au wivingi vilipowekwa juu ya nywele zenye dawa.

Kwa maoni yangu, faida kubwa ya kazi ya Dlova ni kwamba imetuonyesha nani wa kuangaliwa mapema. Kama mama ana upara wa utosini, binti zake na wadogo zake wakaguliwe kabla hawajaona pengo. Hapo msusi ana nafasi kuliko daktari, maana yeye ndiye anayeona utosi wa mteja kwa karibu. Akigawa nywele katikati akakuta zimekatika fupi fupi, mteja analalamika kuwashwa au kuungua, ngozi inang'aa na vitundu vya nywele vimeanza kupotea, amwambie aende kwa daktari wa ngozi, na asimfichie kwa wivingi. Hospitalini zipo dawa za kupaka, sindano za kichwani na vidonge vya kutuliza uvimbe, ambavyo huweza kuzuia ugonjwa usisambae. Shina likishageuka kovu, nywele za pale hazioti tena, awe mgonjwa ameurithi au hakuurithi.