Kwetu misimu ipo jamani, sema hatuitazami

Jana tena kazini nimeambiwa "nyie kwenu mna bahati, jua mwaka mzima, hamna misimu". Aliyesema hana ubaya, tunashinda naye zamu na ni mtu mwema tu, lakini neno limenikaa mpaka leo. Na kinachoniuma zaidi ni kwamba hilo hilo nalisikia kwa watu wa Tanga wenyewe, waliozaliwa hapo hapo, tena wanalisema kwa uhakika kabisa.

Mimi nachora. Sio kazi yangu, kazi yangu ni kutunza wazee hapa Hamburg, kuchora nafanya nikitoka zamu, rangi za maji, karatasi nzito na kiti cha kukunja, basi. Nilianzia huku, sikuanzia nyumbani, na najua hapo mtu ashasema huyu kaenda Ulaya ndo kaona miti. Subiri kwanza.

Huku ukifika mwezi wa kumi kila mtu anaongelea majani. Dereva wa basi, bosi, mzee wa miaka tisini aliyesahau majina ya wajukuu zake ila anakwambia mti wa nje ya dirisha lake mwaka huu umechelewa kugeuka. Watu wanaenda Stadtpark, bustani kubwa ya mji, na watoto kuokota majani, na mtu mzima na akili zake anakaa kwenye benchi anatazama mti nusu saa nzima bila kuulizwa una tatizo gani. Hicho ndo ninachokihusudu huku, sio magari wala barabara, ni hiyo ruhusa ya kutazama kitu.

Na kweli kinatazamika. Siku zikianza kufupika mti unaacha kutengeneza ule ukijani, ukijani uliopo unavunjikavunjika, na njano iliyokuwemo ndani ya jani muda wote ndo inapata nafasi ya kuonekana. Wekundu ndo unatengenezwa upya, kukiwa na jua mchana na baridi usiku unakolea. Kwa hiyo nikichora jani la maple napaka njano jani zima, naiacha ikauke kabisa, kijani kinakuja juu, halafu kwa brashi yenye maji matupu nakitoa taratibu kuanzia kwenye kingo kuelekea mshipa wa kati mpaka njano ichomoze yenyewe. Jani moja linaweza kunimalizia jioni nzima na sijutii.

Desemba hali inabadilika, jua linazama saa kumi na ukikaa nje maji yanaganda kwenye kikombe. Wenzangu wanaochora nje wanatia pombe kali kwenye maji yasigande, mimi hiyo siwezi, nabeba chupa ya chai yenye maji ya moto naongeza kila yakipoa. Watu wakinipita wananisalimia tu wanaendelea na safari zao.

Sasa turudi Tanga. Anayesema hatuna misimu aende Deep Sea alfajiri akawaambie wavuvi, aone watakavyomshangaa. Kaskazi ikishaingia bahari inatulia, pale Raskazone unaona mpaka mawe chini, maji ni kijani cheupe ambacho hakuna kopo la rangi duniani linalokitoa hivi hivi, lazima uchanganye. Masika yakija mto Zigi unashusha udongo wa milimani na upande ule bahari inakuwa chai ya maziwa kabisa. Kusi ikivuma mwezi wa sita wa saba kuna buluu nzito yenye povu, mawingu madogo madogo yanakimbia kuelekea bara, mashua nyingi zimelala, na hewa ya kipupwe asubuhi mpaka unatafuta kanga ya kujifunika. Vuli ina mwanga wake, mikrismasi inawaka nyekundu mwisho wa mwaka, mibuyu inakaa mitupu kiangazi kizima halafu mvua inaivisha. Hii yote ni misimu, nyie mlitaka ipigiwe tarumbeta?

Na mkungu je, ule mti wa kungu? Hapa ndo nakasirika. Watu wanapanda ndege kuja Ulaya kupiga picha na majani mekundu wakati mkungu unageuka mwekundu uani kwao, na mara nyingi unafanya hivyo zaidi ya mara moja kwa mwaka! Dada yangu alinitumia jani moja ndani ya bahasha, limefika limekauka ila rangi ipo. Ni kubwa kushinda kiganja changu, katikati wekundu wa damu ya mzee, kwenye kingo rangi ya chungwa, na mishipa imebaki na ukijani kidogo kama haikutaka kukubali. Nimelichora na nitalichora tena, kwa sababu wekundu wake sijaupata bado. Lakini kwetu jani hilo ni taka, tulikuwa tunaamshwa kulifagia kabla wageni hawajapita, na mkungu wa mtaani kwetu Makorora niliokuwa navunjia kungu kwa jiwe utotoni ulikatwa, kisa majani yanachafua. Mti umekatwa kwa sababu ya kitu kizuri kuliko vyote unachokifanya.

Najua mtakachosema. Nani ana muda wa kutazama majani huku maji hayajatoka tangu juzi na ada ya shule inadaiwa. Ndugu zangu mimi nimekulia hapo, hayo siyasomi gazetini, na hela ninayotuma kila mwezi inaenda huko huko. Lakini mbona mzee anacheza bao tangu adhuhuri mpaka magharibi na hakuna anayemwambia anapoteza muda? Nilipokuja likizo nikakaa ufukweni na karatasi zangu, dakika chache tu watu washajaa, mmoja anauliza kama napima kiwanja, mwingine kama eneo limeuzwa, na mama mmoja wa heshima zake akaniita pembeni akaniambia mwanangu, mwanamke mzima hukai juani hivi peke yako, kuna nini nyumbani? Alikuwa ananionea huruma na nilimshika mkono nikamshukuru. Ila roho iliniuma, kwa sababu kwake kutazama bahari bila kuvua wala kusubiri mtu ni dalili ya matatizo.

Halafu kuna wa "chora tingatinga uuze", ile michoro ya wanyama ya kuuzia watalii. Huyo nakutana naye pande zote mbili, na huku wananiulizia tembo na twiga. Edward Tingatinga, mchoraji aliyeuanzisha mtindo huo, namheshimu sana, alianza Dar miaka ya sitini mwishoni na vipande vya hardboard na rangi za baiskeli, akafa 1972 kijana bado, na mpaka leo kuna watu wanakula kwa jina lake. Alichora alichokiona kwa rangi alizokuwa nazo. Na mimi nataka kuchora ninachokiona, na ninachokiona ni kusi.

Wa mwisho atasema nawasifia watu waliotutawala. Sawa, tuongee. Lile ua la zambarau la kwenye vyungu linalouzwa supamaketi zote huku, madirisha ya wazee wangu yamejaa, limetoka kwetu, milima ya Usambara. Ofisa wa Kijerumani, Walter von Saint Paul, alilikuta 1892, mbegu zikaletwa huku, mwaka uliofuata likapewa jina la kitaalamu, Saintpaulia, kwa kumbukumbu ya ukoo wake. Hapo hasira yangu na yako ni moja. Lakini lile la porini linaishi kwenye mawe yenye kivuli na unyevu, msitu ukikatwa jua likaingia linakufa, na shoka siku hizi tunashika wenyewe. Bibi mmoja ninayemhudumia nilimwambia ua lako ni la mkoani kwetu, akaniomba nimchoree milima linakotoka. Nimemchorea. Natamani siku moja mtu wa Ngamiani, pale pale Tanga mjini, aniombe hivyo hivyo, nitamchorea bure.

Kwa hiyo mlioko Tanga, mkungu ukigeuka nipigieni picha, jani moja tu, kwa karibu, asubuhi na kivulini, maana kwenye jua kali simu inaugeuza ule wekundu kuwa machungwa. Na kama kuna jirani yenu anataka kuukata kisa majani, mzuieni kwanza mnitafute, mtu wa kufagia nitamlipa mimi.