Mlinzi wa kwanza wa Ruvuma ni mwanakijiji

Vita vikichacha ng'ambo ya mpaka, mjadala wetu Watanzania huwa ni uleule: jeshi liende au lisiende? Tuliuliza hivyo 2013, JWTZ ilipoingia mashariki ya Kongo katika brigedi ya Umoja wa Mataifa. Tukauliza tena 2021 SADC ilipopeleka kikosi Msumbiji, na Januari 2025 waasi wa M23 walipouteka mji wa Goma, mashariki ya Kongo, tukarudi palepale. Ni swali zito, na wapo walioligharamia kwa damu. Desemba 7, 2017 kambi ya wanajeshi wetu kule Semuliki, Kivu Kaskazini, ilishambuliwa na ADF, waasi wenye asili ya Uganda, na vijana wengi wakarudishwa nyumbani ndani ya majeneza.

Mimi nina swali jingine, na kwangu ndilo kubwa zaidi. Mtu anayeishi ukingoni mwa Ruvuma, mto wa mpaka wetu na Msumbiji, akiona jambo la kutia shaka, anamwambia nani? Na akishasema, anaamini atafanywa nini?

Kiangazi maji ya Ruvuma hupungua, mchanga ukajitokeza katikati ya mto, na kuna sehemu mtu anavuka kwa miguu. Penye kina ipo mitumbwi. Wamakonde wako huku na wako kule. Shamba liko huku, shemeji yuko kule, na ukitokea msiba Nangade, upande wa Msumbiji, watu wa Tandahimba wanavuka kwenda kuzika. Daraja la Umoja pale Mtambaswala, lililofunguliwa 2010, ni njia ya kugongewa mhuri. Njia nyingine nyingi wanazijua wenyeji tu. Hata tukipanga askari mwaka mzima hatutaweza kuuziba mto wote. Mvuvi ndiye anayejua mtumbwi upi ni wa nani na sura ipi ni ngeni.

Oktoba 2020 wapiganaji kutoka Cabo Delgado, jimbo la kaskazini mwa Msumbiji, walivuka wakaingia Kitaya, kijiji cha Mtwara Vijijini, wakaua watu na kuchoma nyumba. Mwezi uliofuata wakuu wa polisi wa Tanzania na Msumbiji walikutana Mtwara wakatia saini makubaliano ya kushirikiana. Vizuri. Ila tusijidanganye kwamba balaa lile lilizaliwa ng'ambo peke yake.

Turudi 2017. Mapema mwaka ule Msumbiji iliwatimua kwa nguvu wachimbaji wadogo kwenye machimbo ya rubi ya Montepuez, Cabo Delgado, wakiwamo Watanzania. Oktoba, mji wa Mocímboa da Praia katika jimbo hilohilo ukashambuliwa, na vita vya Cabo Delgado vikaanza. Upande wetu mwaka huohuo ulikuwa wa mauaji ya Kibiti, Mkuranga na Rufiji, mkoani Pwani. Tazama waliouawa kule: mwenyekiti wa kijiji, mwenyekiti wa kitongoji, mtendaji, askari polisi. Kwa nini mwenyekiti wa kitongoji, mtu asiye na bunduki wala gari, asiye na hata ofisi ya maana? Kwa sababu ndiye anayepokea taarifa. Wauaji walielewa jambo ambalo mijadala yetu ya usalama huliruka: ukimuua yule anayeambiwa, kijiji kizima kinanyamaza.

Dola ilijibu kwa operesheni kali. Mauaji yalipungua, na baadhi ya wahusika wanaaminika kukimbilia kusini, Cabo Delgado. Lakini wananchi nao walilalamika kwamba ndugu zao walichukuliwa wasionekane tena. Mwandishi wa habari Azory Gwanda, aliyekuwa akiripoti mauaji yale, alitoweka Novemba 2017, na familia yake haijapewa jibu. Mwanakijiji aliyeyaona hayo yote, anayemwogopa muuaji na kumwogopa pia anayemsaka muuaji, atakuja kituoni kueleza alichokiona mtoni? Mimi sidhani.

Ndiyo maana siwezi kukubaliana na tulichofanya 2021. Mji wa Palma, Cabo Delgado, ulipovamiwa mwezi Machi, maelfu walikimbia, na wengi wakavuka Ruvuma kuja kwetu. Shirika la Umoja wa Mataifa la kuhudumia wakimbizi lililalamika hadharani kwamba Tanzania ilikuwa ikiwarudisha walikotoka. Hofu ya serikali naielewa, maana adui anaweza kujichanganya na wakimbizi. Basi wahojiwe, waandikishwe, wahifadhiwe mbali na mpaka. Mama aliyetembea siku kadhaa msituni na wanawe anajua wapiganaji walipita wapi, walikuwa wengi kiasi gani, walizungumza lugha gani, nani aliwapa chakula. Ukimrudisha umeitupa taarifa hiyo, na ndugu zake walioko upande wetu wamekuona ukifanya hivyo.

Wazee wetu hawakufanya hivyo. Baada ya Wareno kuwaua watu Mueda, kaskazini mwa Msumbiji, Juni 1960, Wamakonde wengi walivuka kuja Tanganyika wakapokelewa. Frelimo, chama cha ukombozi wa Msumbiji, ikaanzishwa Dar es Salaam 1962, na wapiganaji wake wakafunzwa Nachingwea. Ulinzi wa kusini kwa zama zile ulisimama juu ya watu tuliowafungulia mlango, nao walikuwa macho yetu ng'ambo ya mto.

Kikosi cha SADC kiliondoka Cabo Delgado mwaka 2024 na vita havijaisha. Kwa hiyo bajeti ya ulinzi itakapofika tena bungeni, natamani mbunge yeyote wa Mtwara au Ruvuma asimame na kuuliza mambo ya kijijini. Mtendaji wa kijiji cha mpakani ana pikipiki, na mafuta yake analipiwa na nani? Aliyetoa taarifa analindwaje jina lake lisifike sokoni kabla ya jioni? Na safari nyingine watu wakivuka Ruvuma na watoto migongoni, askari aliyeko zamu atakuwa amepewa amri gani?