Daktari ana beji, mgonjwa hana

Katika chumba cha kuzibulia mishipa ya moyo, kila mhudumu huvaa aproni yenye madini ya risasi na beji ndogo kifuani. Beji hiyo hukusanya hesabu ya mionzi anayoipata, na nchini Tanzania husomwa na Tume ya Nguvu za Atomiki, kwa kuwa mfanyakazi wa mionzi ana ukomo wake: wastani wa milisivati 20 kwa mwaka. Mgonjwa aliyelala mezani, ambaye eksirei inampiga mgongoni moja kwa moja ilhali daktari anapata ile inayotawanyika tu, hana beji wala ukomo.

Kukosa ukomo si uzembe. Ukomo ungemlazimisha daktari kuchomoa katheta, yaani mpira mwembamba unaopitishwa ndani ya mshipa, mshipa ukiwa bado umeziba, na mgonjwa angekufa akiwa amekingwa na mionzi. Ubishi uliopo ni kama kiasi cha mionzi alichopokea mgonjwa kiandikwe na kufuatiliwa, na wanaosita wana hoja nzito. Namba inayoonekana kwenye skrini ya mashine si mionzi iliyoingia kwenye ngozi. Ni kipimo cha nukta ya kufikirika, sentimita 15 kutoka kitovu cha mzunguko wa mashine kuelekea kwenye mrija wa eksirei, na viwango vya kimataifa vinairuhusu ipotoke hadi asilimia 35. Kimo cha meza, unene wa mgonjwa na pembe ya mkono wa mashine vyote hubadilisha kile kinachoipata ngozi. Aidha, wanafizikia tiba, yaani wataalamu wa kupima mionzi hospitalini, ni wachache, na daktari anayetishwa na namba anaweza kusitasita mahali ambapo uhai unataka mkono thabiti. Hoja hii ya mwisho ndiyo inayonipa shida zaidi.

Hata hivyo, upande wa pili kuna majeraha. Mwaka 1994 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani ilitoa tahadhari kuhusu wagonjwa walioungua ngozi kutokana na tiba za aina hii. Kuanzia takriban grei 2 (grei ni kipimo cha mionzi inayofyonzwa na mwili) ngozi huweza kuwa nyekundu, na mionzi ikizidi grei 15 ngozi inaweza kuoza hadi ikahitaji kupandikizwa. Ubaya ni kwamba kidonda kikubwa hakitokei siku ile. Huja baada ya majuma kadhaa, mgonjwa akiwa ameshasahau hospitali na anafurahia moyo uliopona. Alama ya pembe nne yenye kingo zilizonyooka, karibu na bega la kulia kwa nyuma, anaionyesha kwenye zahanati ya mtaani na kuambiwa ni mkanda wa jeshi, au ameumwa na mdudu. Akikatwa kipande cha ngozi kwa uchunguzi, huenda pale palipokatwa pasifunge kabisa. Na akirudishwa mezani kwa tiba ya pili, mwale unaweza kupita palepale, kwa sababu hakuna aliyeandika.

Kwa hiyo namba yenye kasoro ni bora kuliko kutokuwa na namba, mradi isomwe kama onyo na si kama hukumu. Kuandika dakika za mionzi peke yake, kama ilivyozoeleka, hakutoshi: dakika 20 kwa mtu mwembamba si sawa na dakika 20 kwa mtu mnene, ambaye mashine humwongezea nguvu yenyewe ili picha ionekane. Programu za kukusanya vipimo ni nzuri kwa anayezimudu, lakini muuguzi mwenye daftari anaweza kutamka kwa sauti skrini inapofika grei 3, na daktari, bila kusimamisha tiba, akabadili pembe, akapunguza idadi ya picha kwa sekunde, akabana mwale au akaiinua meza iwe mbali na mrija wa eksirei ulio chini yake.

Ikifika grei 5, kiwango kinachotumiwa na wengi kuanzisha ufuatiliaji, karatasi ya kuruhusiwa iongezwe sentensi moja ya Kiswahili: kuanzia juma la pili, mwambie mtu wa nyumbani akutazame mgongo, na ukiona wekundu rudi hapa na karatasi hii.