Sare ya Kwenda Kutazama Magofu

Mwenye kundi la kikoba kwenye simu ananielewa. Alfajiri inalia, unadhani msiba, kumbe: "Amkeni wapendwa, mchango wa Bagamoyo mwisho leo." Kikoba chetu hapa Moshi kinafunga mwaka kwa utalii, si kwa gawio tulilozoea.

Jana niko zangu sokoni Memorial, mteja kashaingiza mguu mmoja kwenye kiatu, bei inakaribia kukubalika. Mweka hazina huyo! Akavuta kigoda cha wateja, akafungua daftari.

"Shemeji, nauli nimeiona. Sare bado."

"Sare ya nini?"

"Kitenge. Kina mama gauni, kina baba shati."

Nikakohoa kwa heshima. Nikamuuliza, magofu ya Kaole, msikiti wa tangu karne ya 13, yatajuaje nimevaa nini?

"Picha, shemeji."

Ngome Kongwe, picha. Mbuyu wa Misheni uliopandwa 1868, picha, tena tuushike mikono kuuzunguka. Keki ya ufukweni ina mchango wake. Mpiga picha ana mchango wake. Maji ya kwenye Coaster, nayo mchango! Nikamwambia, mama, Livingstone alifikishwa Bagamoyo 1874 akiwa maiti, kina Chuma na Susi wamembeba kwa miguu kutoka huko Zambia ya leo, na hakuna aliyewadai sare. Mjerumani aliyepafanya makao makuu yake alipahama mwaka 1891 kwenda Dar es Salaam, maana maji ya pale ni mafupi, meli kubwa hazisogei. Alihama bila kitenge!

Akaandika kitu. Nikachungulia: "Mgumu. Apigiwe mkewe."

Mteja akavua kiatu taratibu kama anayetoka chumba cha mgonjwa, akaaga. Buku kumi na tano hiyo imeondoka!

Na safari yenyewe hatujaigusa. Kutoka saa tisa usiku, spika imefungwa nyuma ya kiti changu, kuchimba dawa Same, kuchimba dawa Korogwe, mpaka tukate kona Msata.

Mke wangu kalipa. Kitenge kiko kwa fundi kule Pasua, kipimo kachukua kwa shati langu la harusi, sijui kwa nini watu hawaulizi. Fundi anasema mkono mmoja bado, umeme umekatika tangu mchana na cherehani yake ni ya mota. Ile ya kukanyaga kwa miguu aliiuza, eti dunia imebadilika. Imebadilika wapi, na tunaongea gizani?