Shangazi, kadi ninayo, amani sina

Kila nikipiga simu Muheza, baada ya shikamoo na marahaba, shangazi yangu huniuliza: "Huko kwenu si mnaugua tu, bima inalipa?" Hiyo "huko kwenu" yake sijaizoea. Leo nijibu.

Bima ninayo, ya kazini, hapa Ohio, Marekani. Hukatwa kwenye mshahara. Ila kila mwaka lazima nitoe kwanza dola 3,000 zangu, ndipo wao waanze kulipa. Mwaka juzi kifua kilinibana usiku, nikakimbizwa hospitali. Nilihudumiwa kifalme, hakuna aliyeniuliza hata senti. Wiki sita baadaye bahasha zikaanza kuingia: ya hospitali, ya daktari, ya maabara, kila moja na bei yake. Nyumbani angalau unaijua bei dirishani kabla hujadungwa sindano. Daktari alitaka nirudi kupimwa moyo. Sikurudi.

Woga huo ulishachunguzwa zamani. Mwaka 1974 taasisi ya utafiti ya RAND ilianza kuzigawa familia za Kimarekani kwa kura: hizi zitibiwe bure, zile zichangie. Waliochangia walipunguza kwenda kwa daktari, lakini waliacha tiba za lazima sawa na zisizo za lazima. Wengi hawakudhurika. Walioumia ni maskini, hasa wenye presha. Mtu atajuaje kama kifua ni gesi au moyo bila kupimwa?

Halafu jimbo la Oregon, 2008. Nafasi za Medicaid, bima ya serikali kwa wenye kipato kidogo, zilikuwa chache, na watu karibu 90,000 walijiandikisha, basi jimbo likachezesha bahati nasibu. Watafiti Amy Finkelstein, Katherine Baicker na wenzao wakawafuatilia waliopata na waliokosa. Baada ya miaka miwili hivi, kwenye presha na kolesteroli hawakuona tofauti ya uhakika. Wapinzani wakashangilia: bima haitibu! Lakini sonona ilipungua, na gharama za kumfilisi mtu karibu zitoweke kabisa. Aliyewahi kuzifungua bahasha zile hawezi kuyaita hayo madogo.

Kwetu Tanzania ilianzishwa CHF iliyoboreshwa, mfuko wa afya ya jamii, iliyokuwa shilingi 30,000 kwa kaya ya watu sita kwa mwaka, na tangu 2023 kuna sheria ya bima ya afya kwa wote. Naiunga mkono, pamoja na manung'uniko yangu. Maana bima yetu halisi bado ni kundi la WhatsApp. Harusi tunaiundia kamati na bajeti miezi sita kabla. Ugonjwa tunangoja mtu alazwe ndipo mweka hazina apatikane.

Shangazi nimemlipia kadi. Juzi kaniambia dawa za presha zahanati zimeisha, kanunua za wiki moja dukani, anakunywa siku moja, anaruka moja. Nikamfokea. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Na wewe mwanangu, kile kifua walisemaje?"

Nikamwambia mtandao unakatika.