Waya unaoongozwa kwa sumaku ndani ya mishipa: Dodoma tuupokeeje?

Donge la damu likiziba mshipa mkubwa wa ubongo, mtu hupata kiharusi, na kila dakika hupoteza seli za ubongo zipatazo milioni 1.9. Hesabu hiyo ilichapishwa mwaka 2006. Mwaka 2015 majaribio makubwa kadhaa yalionyesha kwamba kulivuta donge hilo kwa waya na katheta, yaani mrija mwembamba unaopitishwa ndani ya mshipa, huwaepusha wengi na ulemavu, kuliko kutegemea dawa peke yake. Tiba basi inajulikana. Mabingwa wa kuifanya ndio wachache. Hapo ndipo inapoingia hoja ya kuuongoza waya huo kwa sumaku kutoka mbali. Wanaoitetea wanasema bingwa akae mjini kwake, mgonjwa alale kitandani kwetu Dodoma, na sumaku ifanye kazi ya vidole. Ni hoja nzito, na mkazi wa kanda ya kati anayo kila sababu ya kuipima kwa makini.

Kwanza tuone vidole hivyo vinafanya nini. Daktari hutoboa ateri kwenye kinena, hupitisha waya mwembamba na kuupandisha kwenye aota, mshipa mkuu utokao moyoni, kupita tumbo na kifua, hadi kwenye tao lililo juu ya moyo ambako mishipa ya shingo inachomoza. Ncha ya waya imepinda kidogo. Ili iingie kwenye mshipa anaoutaka, daktari huuzungusha waya kutoka nje, zaidi ya mita moja nyuma ya ncha, macho yakiwa kwenye picha ya eksirei. Kila kona ya mshipa humeza sehemu ya mzunguko ule. Anazungusha, ncha haisogei. Anaongeza kidogo, ncha inaruka ghafla. Kwa mzee aliyeishi na presha miaka mingi mishipa imejipinda na kukakamaa, na ukuta wake ukitobolewa ndani ya ubongo, aliyeletwa kuokolewa anaweza kufia mezani. Ustadi huu huchukua miaka kuujenga, na muda wote huo daktari amevaa aproni nzito ya madini ya risasi ya kumkinga na mionzi.

Kwenye mfumo wa sumaku, ncha ya waya au katheta yenyewe ina sumaku, na sumaku kubwa iliyo nje ya mwili ndiyo inayoielekeza. Kazi ya nyuma inabaki kusukuma na kuvuta. Faida yake naiona kubwa: kwa kuwa ncha inaongozwa moja kwa moja, kifaa hakihitaji ugumu wa kupokea mzunguko kutoka mbali, hivyo kinaweza kuwa laini.

Kwenye moyo jambo hili si la kufikirika. Kampuni ya Stereotaxis ya Marekani imekuwa na mfumo wa namna hii kwa zaidi ya miaka 20, ukitumika kutibu mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio kwa kuunguza tishu inayoleta hitilafu. Uga wa sumaku zake ni takribani tesla 0.1 (tesla ni kipimo cha nguvu ya sumaku), mdogo sana ukilinganisha na tesla 1.5 za mashine nyingi za MRI, zile zinazopiga picha za ndani ya mwili kwa sumaku. Tafiti zimeonyesha kwamba moyo hutobolewa kwa nadra zaidi na mionzi hupungua. Lakini mara nyingi kazi huchukua muda mrefu zaidi, na kwa aina nyingi za mapigo hayo matokeo hayapishani sana na ya daktari mzoefu anayetumia mkono. Ongeza chumba kilichoandaliwa maalumu na bei ambayo hata hospitali za nchi tajiri huifikiria mara mbili, utaelewa kwa nini mfumo huo haujaenea kila mahali.

Kwenye ubongo habari ni changa zaidi. Mwaka 2019 watafiti wa chuo cha MIT cha Marekani walionyesha waya wenye kipenyo chini ya milimita 0.6, uliochanganywa na chembe za sumaku na kupakwa hidrojeli, aina ya ute wenye maji mengi, ili uteleze. Mwaka 2022 waliuunganisha na mkono wa roboti wenye sumaku, na madaktari wa upasuaji wa ubongo wakauongoza wakiwa mbali na chombo baada ya mafunzo ya kama saa moja. Saa moja! Lakini mishipa waliyopita madaktari hao ilikuwa mfano wa silikoni. Silikoni haipandishi presha, haivuji damu, wala haina mgonjwa anayetapatapa.

Upande wa matumaini usidharauliwe. Hospitali ya Benjamin Mkapa imekuwa ikipandikiza figo tangu mwaka 2018, na ina kathlabu ya kutibu moyo kwa kupitisha katheta. Maana yake hapa Dodoma wapo watu wanaojua kutoboa ateri, kumlinda mgonjwa na mionzi, na kumhudumia akibadilika mezani. Ukiwa na timu ya namna hiyo, kinachokosekana kwa tiba ya donge la ubongo ni ule ujuzi adimu wa kuupenyeza waya kwenye kona za juu. Kama sumaku inaweza kuuleta ujuzi huo kupitia mkongo wa mawasiliano, pengo linalozibwa ndilo gumu kuliko yote. Anayesema teknolojia hii ni ya Ulaya na Marekani tu hajaitazama Dodoma ya leo.

Wasiwasi wangu unaanzia barabarani. Chukua mzee wa Haubi, Kondoa, anayeamka alfajiri mdomo umekwenda upande na mkono wa kulia hauna nguvu. Nyumbani watasubiri kidogo waone. Pengine jirani atasema ni pepo, aitwe mtu wa kumsomea. Baadaye zahanati, halafu hospitali ya wilaya, halafu gari la wagonjwa, kama lipo na lina mafuta, na kilomita zaidi ya 150 hadi Dodoma mjini. Tiba ya kuvuta donge hutegemewa zaidi ndani ya saa sita. Wanaofaidika nayo hadi saa 24 ni wale tu ambao picha maalumu zinaonyesha bado wana ubongo wa kuokoa. Akifika, lazima apigwe CT-Scan kwanza na picha isomwe papo hapo, hata kama ni saa nane usiku, kwa sababu kiharusi cha kuvuja damu hakitibiwi kwa waya huu. Na Afrika kusini mwa Sahara viharusi vya kuvuja ni sehemu kubwa zaidi kuliko Ulaya. Sumaku haimsaidii hata mmoja wa hao. Kinachowasaidia ni kidonge cha presha kinachomezwa kila siku, miaka kumi kabla.

Nje ya mishipa, kuna pia kapsuli ya kamera inayomezwa na kuongozwa tumboni kwa sumaku. Iliyotengenezwa China iliidhinishwa Marekani mwaka 2020. Mgonjwa haingizwi mpira kooni, na hilo ni nafuu ya kweli. Lakini kapsuli inaona tu, haichukui kinyama cha kupima saratani, na hutumika mara moja. Kwetu endoskopi ya kawaida, ule mpira wenye kamera, inayosafishwa na kutumika tena, bado inashinda.

Kwa hiyo ningependa Dodoma iifuate teknolojia hii kwa karibu bila kuinunua sasa. Madaktari wapelekwe kujifunza kuvuta donge kwa mkono, kwa sababu hata siku sumaku itakapokuja, mshipa ukipasuka mtandao hautauziba. Atakayeokoa ni aliye chumbani. Wahandisi na wanafizikia wa Chuo Kikuu cha Dodoma waingizwe kwenye utafiti huu mapema, ungali kwenye hatua ya majaribio. Na akija muuzaji, aulizwe kwanza bei ya katheta yenye sumaku, ile inayotupwa baada ya mgonjwa mmoja na ambayo watengenezaji wake duniani ni wachache mno. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa mwaka 2023, na kifaa ambacho bima haitakilipia kitamfaa mwenye kuuza ng'ombe kumi, si mzee wa Haubi. Kabla ya muuzaji huyo kuja, fedha iliyopo impate mtaalamu wa kusoma CT-Scan usiku, na gari la wagonjwa la Kondoa liwe na mafuta.