Saa ya kocha haijui kubalehe

Msichana wa miaka 13 anafika mwisho wa bwawa, anajipindua, na visigino vinagonga ukingo. Miezi sita iliyopita umbali uleule ulimtosha. Miguu imerefuka, akili bado inapimia ile ya zamani. Kocha anatazama saa: sekunde zimeongezeka. "Amebweteka huyu."

Wanaosema umri si kisingizio hawakosi mifano. Krisztina Egerszegi wa Hungaria alitwaa dhahabu ya Olimpiki ya mita 200 za kuogelea kwa mgongo Seoul 1988 akiwa na miaka 14. Katie Ledecky wa Marekani alishinda mita 800 London 2012 akiwa na 15. Na kweli, si kila kushuka ni kubalehe: kuna uchovu, kuna upungufu wa madini ya chuma, kuna kuchoshwa tu na bwawa.

Ila mabingwa hao wanatajwa kama kipimo cha wote, ilhali hakuna miili miwili inayofuata kalenda moja. Wasichana wengi hurefuka kwa kasi kuu karibu na miaka 12, sentimita 8 hivi kwa mwaka. Uzito hufuata baadaye, kisha hedhi. Nyonga zinapanuka, mafuta yanaongezeka. Mvulana wa njia ya pili naye anabalehe, lakini homoni zake zinamjengea misuli mingi, kwa hiyo mabadiliko yanamsukuma mbele. Kumlinganisha msichana naye ni dhuluma, hata kama hakuna anayeitamka.

Kinachonitia hofu zaidi ni mizani iliyowekwa kando ya bwawa. Binti anaelewa haraka: anapunguza chakula, muda unaimarika kwa wiki chache, anasifiwa. Kisha hedhi inakatika, naye pengine anafurahi. Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ililipa tatizo hili jina mwaka 2014: upungufu wa nishati kwa wanamichezo. Kwa mwogeleaji lina ubaya wa ziada, maana maji yanabeba uzito wake. Mifupa haipati ile mishindo inayoiimarisha mifupa ya mkimbiaji. Anaanza na akiba ndogo ya mifupa, halafu anaikosesha homoni katika miaka ileile ambayo mifupa hujengeka kwa wingi.

Sarah Sjöström wa Sweden alikuwa bingwa wa Ulaya akiwa na miaka 14. Paris 2024, akiwa na 30, alishinda mita 50 na 100 mtindo huru. Kocha anayemkumbuka wa 14 amkumbuke na wa 30.

Huyu wa visigino, kwa wiki hii, aanze kujipindua mbali kidogo na ukuta.